Unakwama kwenye jina lako na zimebaki wiki tatu usimame mbele ya watu 40

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 29, nina kigugumizi tangu mdogo. Kazini nafanya vizuri ila ikija zamu ya kuwasilisha ripoti huwa natengeneza slaidi halafu namwomba mwenzangu aniongelee. Sasa bosi kasema safari hii nasimama mwenyewe, watu kama 40, zimebaki wiki tatu. Kinachoniua zaidi ni jina langu, kwenye kujitambulisha nakwama mpaka watu wanaangalia chini. Bosi ananiambia nitulie tu nivute pumzi. Nikiwa peke yangu chumbani naongea bila shida hata moja. Je kuna dawa? Na niwaambie watu kwamba nina kigugumizi au nijitahidi kukificha?"

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuandika wazi namna hii. Nimefanya kazi na watu wenye kigugumizi miaka mingi na maswali yako ndo yaleyale wengi wanakuja nayo, ila umeweka kitu kimoja ambacho wengi hawakisemi mpaka tuwe tumezoeana kidogo, kwamba ukiwa peke yako unaongea bila shida hata moja. Hapo nitarudi, kwa sababu nusu ya jibu langu imo humo.

Dawa kwanza tuimalize. Mamlaka ya dawa ya Marekani mpaka sasa haijaidhinisha kidonge hata kimoja cha kutibu kigugumizi. Kuna dawa zimejaribiwa, hasa zile zinazogusa kemikali ya ubongo inayoitwa dopamini, baadhi ya watu ziliwapunguzia kiasi lakini zinakuja na madhara yake, kwa hiyo mtu akikuuzia kitu anachokiita dawa ya kigugumizi, pesa yako kaa nayo. Na mtu asiguse ulimi wako kwa wembe wala mkasi. Mwaka 1841 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Johann Friedrich Dieffenbach, alikuwa anawakata watu kipande cha shina la ulimi akiamini ndo kinachowakwamisha, wakati huo hata dawa ya usingizi ya upasuaji ilikuwa haijaanza kutumika, watu walivumilia yale maumivu yote halafu kigugumizi kikarudi. Ulimi wako mzima kabisa. Ungekuwa mbovu chumbani nako ungekwama.

Sasa kinatoka wapi. Sio uoga, sio malezi, sio mama yako kukukaripia utotoni, sio akili kuwa ndogo, na naomba hii uishike kwa sababu najua umeshaambiwa mengi. Kwa kawaida kinaanza mtoto akiwa na miaka 2 mpaka 5 hivi, wakati maneno yanamwagika kwa kasi kichwani, watoto kama 5 kati ya 100 wanapitia, wengi wao kinapotea chenyewe, ukubwani inabaki karibu mtu 1 kati ya 100, na wanaume ni kama mara nne ya wanawake. Kinatembea kwenye ukoo. Mwaka 2010 timu ya Dennis Drayna kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ilitangaza jeni za kwanza zinazohusiana nacho, na picha za ubongo zimeonyesha tofauti kwenye njia zinazounganisha sehemu za upande wa kushoto zinazopanga usemi. Kwa lugha ya kawaida ni hivi, neno unalijua, unajua unataka kusema nini, misuli ipo, ila ile amri ya "anza sasa" inachelewa au inajikata. Ni ishu ya taimingi. Ndo maana ukiimba hukwami, na ukisoma kitu kwa sauti pamoja na mtu mwingine, nyote kwa mkupuo mmoja, pia hukwami, jaribu uone, kwa sababu mdundo unatoka nje na ubongo wako haulazimiki kuutengeneza wenyewe.

Hofu basi inaingilia wapi? Hofu haijakizaa kigugumizi lakini inakilisha. Ukiwa na presha mwili unakaza, na ile taimingi ambayo tayari ni dhaifu inapata mzigo mwingine juu yake.

Turudi chumbani kwako. Watu wazima wenye kigugumizi wakiongea peke yao, kweli peke yao bila kuwaza kwamba kuna anayesikia, wengi hawakwami au wanakwama kidogo mno. Kwa hiyo ukijifungia ukarudia hotuba yako mara 50 utatoka ukijiona uko tayari, halafu siku yenyewe unakwama kwenye neno la kwanza na unajichukia, unasema lakini jana niliweza! Jana ulikuwa unafanya mazoezi ya kuongea peke yako, jambo ambalo tayari unaliweza. Ukiongezea kwamba kurudia maneno yaleyale kwa sauti kunapunguza kukwama mara ya pili, ya tatu, ya nne, jambo ambalo limejulikana tangu miaka ya 1930, na kwamba nafuu hiyo haikai sana, ukilala ukaamka sehemu kubwa imeshaondoka, utaona kwa nini mazoezi ya chumbani yanamdanganya mtu mara mbili. Mazoezi yako lazima yawe na sikio la mtu. Hata sikio moja.

Na jina lako? Jina ni gumu kwa sababu halina mbadala. Umezoea, na sijui kama unaona unavyofanya hivi, kubadili maneno dakika ya mwisho. Unaona neno linakuja kwa mbele, unahisi hili litanikwamisha, unachepuka, badala ya "tatizo" unasema "changamoto", badala ya "kesho" unasema "siku inayofuata". Kwa Kiswahili watu wanakuwa mafundi kweli, maana tuna "naitwa" na "jina langu" na "mimi ni" na "kwa jina", mtu anazungukazunguka mlango mzima akitafuta pa kuingilia, lakini mwisho wa yote linabaki jina lenyewe, na hilo huwezi kulibadili, na yule anayesikiliza anajua kabisa kwamba jina lake mtu hawezi kulisahau. Hapo presha inapanda mara kumi. Cheo chako, jina la idara yako, jina la kampuni, simu ukiipokea, yote ni familia hiyohiyo.

Niliwahi kuwa na mteja, kijana makini sana kazini. Faili lilitumwa kimakosa kwa mtu wa nje, kwenye kikao bosi wake akauliza nani kalituma. Aliyetuma alikuwa mwenzake, na jina la yule mwenzake linaanza na herufi ambayo kijana huyu anakwama nayo kuliko zote. Akaliona jina linakuja, akaona na maelezo yote yatakayofuata, akasema "mimi". Akapewa onyo la maandishi. Alinisimulia miezi mitano baadaye na alikuwa bado hajamwambia mtu yeyote. Nikisema kukificha kigugumizi kuna gharama huwa namfikiria yeye. Mtu wa nje ukimuuliza angekuambia kijana yule hana kigugumizi kabisa, maana hakuna aliyewahi kumsikia akikwama, alikuwa kimya, basi.

Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye naye alikuwa na kigugumizi, alikifananisha na mlima wa barafu unaoelea baharini, kile watu wanachokisikia ni kipande kidogo cha juu, chini ya maji kuna aibu, hofu, hatia, na zile njia zote za kukwepa. Kuna wanaokwama kila sentensi na chini yao hakuna kitu, wanaongea tu wanaendelea na maisha. Na kuna wanaokwama mara mbili kwa siku na maisha yao yote yamepangwa kuzunguka hizo mara mbili. Wewe kwa maelezo yako uko karibu zaidi na hawa wa pili, na kwa miaka mingi mwenzako wa kazini amekuwa sehemu ya njia ya kukwepa. Simlaumu, nia yake ni njema kabisa.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu sasa hivi, waambie. Usikifiche. Ila naomba unielewe vizuri kwa nini, maana sisemi hivi kukutia moyo tu. Ukisimama mbele ya watu 40 ukiwa na siri, una kazi mbili, ya kwanza kuwasilisha ripoti, ya pili kulinda siri, na hii ya pili ndo inakula nguvu zote, ndo inakaza koo. Pia wasikilizaji wanakuwa na kazi mbili, kusikiliza na kujiuliza huyu ana nini, ni mgonjwa, hajajiandaa, anadanganya? Ile ya kuangalia chini unayoisema, mara nyingi watu hawakudharau, hawajui wafanye nini na macho yao. Ukiwaambia umewapa la kufanya. Na tafiti zimeonyesha wasikilizaji wanampokea vizuri zaidi mtu aliyesema mapema kwamba ana kigugumizi, mradi amesema kwa kawaida tu, yule aliyesema kwa kuomba msamaha hakupata faida hiyo. Kwa hiyo usiseme "samahanini sana jamani, mtanivumilia". Hujamkosea mtu.

Sema kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Habari za asubuhi. Kabla sijaanza, nina kigugumizi, kwa hiyo kuna maneno yatachukua muda kidogo kutoka. Mkiona nimekwama nisubirini, nitalimalizia mwenyewe." Basi. Halafu ingia kwenye ripoti. Sekunde 15. Na ukikwama kwenye neno "kigugumizi" lenyewe, na inawezekana sana kwa sababu hiyo "k" ni ngumu kwa wengi, endelea nalo mpaka litoke, umeshawaonyesha ulichokuwa unawaambia.

Angalia, kwenye sentensi zile sijaweka jina. Jina si lazima liwe neno la kwanza. Liweke pale utakapoweza kulifikia ukiwa umeshaanza kuongea, baada ya kuwaambia, au liandike kwenye slaidi ya kwanza na ulitamke ukiwa unaonyesha. Lakini litamke. Ukiliacha slaidi ikusemee tumerudi kulekule kwa mwenzako.

Sasa wiki tatu. Sitakudanganya, kigugumizi cha miaka zaidi ya 20 hakiishi kwa wiki tatu, na mtu akikuahidi hivyo mkimbie. Kinachoweza kubadilika ndani ya wiki tatu ni namna unavyokwama, na hiyo ni habari njema kuliko inavyosikika.

Wiki ya kwanza usijaribu kupunguza kitu. Kazi yako ni kukiangalia. Jirekodi ukiongea na mtu kwenye simu, upande wako tu, halafu sikiliza, najua inauma, wengi hawajawahi kujisikiliza maisha yao yote. Tafuta unapokaza. Je, midomo inabanana? Koo linafunga kabisa sauti isitoke, kukwama kwa kimya? Unarudiarudia silabi? Unavuta? Unafumba macho, unagonga mguu, unatupa kichwa? Hivi vya mwisho si kigugumizi, ni vitu ulivyojifunza njiani kwa sababu siku moja ulipiga mguu na neno likatoka, ukadhani mguu ndo ulilitoa, siku zilizofuata ukapiga na halikutoka ila mazoea yameshabaki. Na ushauri wa bosi wa kuvuta pumzi unaangukia humuhumu. Si mbaya kwa mtu yeyote kupumua! Lakini pumzi kubwa kabla ya neno gumu inajaza kifua, inakaza koo, na inaupa mwili ishara kwamba kuna hatari inakuja, wateja wangu wengi walikuja na mihemo mikubwa ya namna hiyo ambayo iliwachukua miezi kuiacha. Pumzi unayohitaji kuongea ni ya kawaida tu, hiyohiyo unayoombea chumvi mezani.

Wiki hiyohiyo anza zoezi ambalo utaliona la ajabu, kukwama kwa makusudi. Chagua neno ambalo hukwami nalo kabisa, ongea na muuzaji dukani au mtu wa mapokezi, rudia silabi ya kwanza taratibu mara tatu nne bila kukaza, "na-na-na-naomba", huku unamwangalia usoni. Kwa nini? Kwa sababu kwa miaka yote kigugumizi kimekuwa kitu kinachokupata, hujawahi kuwa wewe unayekishika usukani. Nilipokuwa masomoni sisi wanafunzi tusio na kigugumizi tulitumwa kufanya zoezi hili mitaani, nami nilikuwa najiamini sana, nikasimama mbele ya mhudumu nikafungua mdomo na nikashindwa kulianza lile zoezi. Mikono ilikuwa imelowa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi muda mrefu, na mimi nilikuwa naigiza tu, ningeweza kuacha dakika yoyote. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mteja "ni rahisi". Sio rahisi. Ila mara ya tano inakuwa tofauti, na mara ya ishirini unaanza kugundua watu wengi wanasubiri tu, wanakupa bidhaa yako, wanaendelea.

Wiki ya pili ndo uguse ufundi. Huu wa kwanza unaitwa kuanza laini. Kwa maneno yanayoanza na "p", "b" na "m" midomo iguse kama unagusa yai, usibane, kwa "k" na "g" nyuma ya ulimi iguse kidogo tu, kwa yanayoanza na irabu kama "asante" au "idara" acha hewa kidogo itangulie halafu sauti ifuate juu yake. Kiswahili kina jambo moja zuri na moja baya hapa. Baya ni kwamba kukwama kunapenda mwanzo wa neno na mwanzo wa sentensi, na vitenzi vyetu vinaanza na vile viambishi vinavyojirudia kila saa, ni-, na-, tu-, wa-, kwa hiyo ukiwa na shida na "n" unaiona sentensi nzima ni mabonde. Zuri ni kwamba karibu silabi zetu zote zinaishia na irabu, na irabu unaweza kuivuta. "Tuuu-mefanikiwa" inasikika ya kawaida kabisa kwenye hotuba, hakuna atakayejua.

Wa pili ni wa kujitoa ukiwa katikati ya kukwama. Umekwama, koo limefunga. Mazoea yako ni kusukuma kwa nguvu zaidi au kurudi nyuma kubadili neno. Badala yake baki palepale kwenye sauti hiyohiyo, usiondoke, sikia misuli ilivyokaza, ilegeze polepole, halafu telezesha neno litoke. Sekunde mbili, tatu. Na ukishindwa, neno likatoka kwa vita, malizia, kaa kimya kidogo, halafu lirudie neno lile kwa ulaini kabla ya kuendelea. Mambo haya yalipangwa na Charles Van Riper, alizaliwa Michigan mwaka 1905, kigugumizi chake kilikuwa kikali kiasi kwamba akiwa kijana aliwahi kujifanya bubu na kiziwi ili apate kazi shambani. Alisimulia kwamba alipoondoka pale alipewa lifti na mzee mmoja ambaye naye alikuwa na kigugumizi, ila mzee alikuwa anakwama bila kupigana, maneno yanadundadunda yanatoka, anaendelea na stori zake, akamwambia kijana kwamba yeye ameshazeeka mno kuendelea kupigana na nafsi yake. Van Riper akaona basi anachotakiwa kutafuta ni ile namna ya mzee. Akawa mwalimu mkubwa wa fani hii na aliendelea kuwa na kigugumizi kwa namna yake hiyo.

Mazoezi ya wiki hii yafanye na sikio. Anza na mtu mmoja unayemwamini, soma naye ripoti, kesho yake ongeza wa pili, halafu watu watatu wa ofisini, halafu ukiweza kwenye chumba chenyewe mtakachokaa. Piga simu tano kwa siku, za kweli, kuulizia saa za kufungua, bei, chochote, simu ni ngumu kwa sababu mtu hakuoni na kimya chako anadhani mtandao umekata, wengine watakukatia. Ikitokea piga tena, sema mapema "nina kigugumizi usikate".

Usikariri ripoti neno kwa neno. Najua unafikiri kukariri kutakuokoa, lakini ukikariri unayajua maneno magumu yote yalipo, unayaona yanakuja kuanzia slaidi ya pili yakikusubiri slaidi ya tano, na hofu inaanza mapema. Jua hoja zako, sio sentensi zako.

Kabla ya siku yenyewe muone bosi faragha. Mwambie mambo mawili matatu ya wazi: unahitaji muda zaidi kidogo, kama wenzako wanapewa dakika 10 wewe 15, maana hakuna kinachokwamisha kama saa inayokukimbiza. Umwombe usiwe wa mwisho kwenye orodha, ile ya kukaa unasubiri zamu huku moyo unapiga inamaliza nguvu zote kabla hujasimama, na kama kutakuwa na kujitambulisha kwa kuzunguka meza omba uanze wewe. Na mwambie asikumalizie maneno wala asikwambie utulie mbele za watu. Akuangalie tu kama anavyomwangalia mwingine yeyote. Mabosi wengi hawajui, wanasema "tulia" kwa upendo kabisa.

Siku yenyewe utakwama. Nakuambia sasa ili isikushtue. Ukikwama, macho yako yabaki kwa mtu, hili ndo gumu kuliko yote na ndo linalobadilisha chumba, kwa sababu ukishusha macho wewe ndo unayewaambia kwamba hapa pana aibu na wao wanashusha ya kwao. Nyamaza pale unapotaka wewe, mwisho wa hoja, usiogope kimya cha kuchagua. Maiki ikiwepo itumie, utaongea kwa nguvu ndogo. Mtu akikumalizia neno, na akakosea, usikubali neno lake ili kumaliza haraka, sema "hapana" na ulitoe la kwako. Mtu akicheka, na kuna siku atakuwepo, malizia sentensi yako kwanza. Maswali ya mwisho yatakuwa magumu kuliko ripoti kwa sababu hukuyapanga, ruksa kusema "nipe sekunde nifikirie", kila mzungumzaji anasema hivyo.

Halafu kuna siku itakuwa mbaya bila sababu. Kigugumizi kinapanda na kushuka, wiki moja unateleza, wiki inayofuata hata "ndiyo" haitoki, umelala vizuri, umejiandaa, na bado. Ndo kilivyo. Usifute mazoezi yote kwa sababu ya Jumanne moja.

Baada ya hapo, kama unaweza kumpata mtaalamu wa tiba ya usemi, mtafute, hata kwa video, wiki tatu ni mwanzo tu, na uliza kabisa kama amewahi kufanya kazi na watu wazima wenye kigugumizi maana si wote wamewahi. Na tafuta watu wenye kigugumizi wenzako. Nina wateja waliofika miaka 40 bila kuwahi kumsikia mtu mwingine akikwama kama wao, siku walipomsikia walilia. Kuna siku ya kimataifa ya kigugumizi, tarehe 22 Oktoba kila mwaka tangu 1998, wakati huo mikutano mingi inafanyika mtandaoni. Kuna na vifaa vya sikioni vinavyorudisha sauti yako ikiwa imechelewa kidogo, vinafanana na ile hali ya kusoma pamoja na mtu, baadhi vinawasaidia, kwa wengi nguvu yake inapungua kadri sikio linavyozoea, ni ghali, mimi nisingeanzia huko. Nyongeza moja kwa wengine wanaosoma hapa: kama wewe hukuwahi kuwa na kigugumizi na kimeanza ghafla ukubwani, hasa kikiambatana na mdomo kupinda, ganzi au udhaifu wa upande mmoja, hiyo si habari ya mazoezi, nenda hospitali sasa hivi, inaweza kuwa kiharusi.

Kuhusu mwenzako. Wanaosoma Biblia na wanaosoma Qur'ani wote wanaijua habari ya Musa, alivyolalamika kwamba ulimi wake mzito, akaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na nduguye Haruni akapewa kumsaidia. Watu wenye kigugumizi wananiletea sana habari hii, kwamba unaona, hata yeye aliongelewa. Ni kweli. Lakini fungua Kumbukumbu la Torati uone ni kitabu cha nini, karibu chote ni hotuba, na anayehutubia mbele ya taifa zima ni Musa mwenyewe, Haruni ameshafariki. Sisemi umfukuze mwenzako. Amekubeba miaka yote hii na amefanya kwa roho safi, mshukuru, mwambie unachotaka kufanya, awe wa kwanza kukaa kukusikiliza ukifanya mazoezi. Na siku ya ripoti mpe ile rimoti, yeye abadilishe slaidi wewe uongee, na mkubaliane kabisa kwamba hata ukikwama dakika nzima yeye kazi yake ni kubonyeza tu.